CBD na THC: namna ya kuzitofautisha na kuisoma chupa kabla ya kununua

Mmea wa bangi una kemikali zaidi ya mia moja za jamii moja, lakini mbili ndizo zinazobeba uzito: THC na CBD. Kikemia ni ndugu wa karibu mno. Kila moja ina atomi 21 za kaboni, 30 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Kilichotofautiana ni mpangilio tu. Mpangilio huo unaiwezesha THC kuviamsha vipokezi vya ubongo viitwavyo CB1, na hapo ndipo stimu inapotoka: muda unaonekana kurefuka, moyo unakwenda mbio, kumbukumbu inayumba, na wengine wanashikwa na hofu kubwa. CBD haiviamshi vipokezi hivyo, kwa hiyo hailewishi. Mwaka 2018 kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani ilisema CBD tupu haina dalili za kuleta uraibu.

Shida ni kwamba dukani Ulaya au Marekani CBD, ambayo mara nyingi huuzwa kama mafuta ya chupani, haiuzwi tupu kila mara. Tafuta neno moja kati ya haya kwenye lebo. "Isolate" ni CBD peke yake. "Broad spectrum" ina kemikali nyingine za mmea, THC ikiwa imeondolewa. "Full spectrum" ina kila kitu, THC ikiwemo. Mafuta ya mbegu, "hemp seed oil", ni mafuta ya kula. CBD yake ni karibu na sufuri, ingawa mara nyingi yanapangwa rafu moja na mengine na kuuzwa kwa bei ya juu.

Hapa inafaa kupiga hesabu. Sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 iliweka mpaka wa THC asilimia 0.3 ya uzito wa mmea mkavu, na watengenezaji wengi wakautumia mpaka huohuo kwenye mafuta. Asilimia 0.3 inasikika kama si kitu. Lakini chupa ya mililita 30 ina takriban gramu 28 za mafuta, kwa hiyo ikifika kwenye mpaka huo inabeba karibu miligramu 84 za THC, yaani 2.8 katika kila mililita. Anayemeza mililita mbili kwa siku anakula zaidi ya miligramu 5 za THC, kiasi kinachotosha kumlewesha asiyeizoea na kumfelisha kipimo cha mkojo kazini. Anayepimwa anunue "isolate" au aache kabisa. Wanariadha wasikie vizuri: WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, iliiondoa CBD kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku mwaka 2018, ila THC imebaki marufuku wakati wa mashindano.

Usiiamini lebo pekee. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2017 ulipima bidhaa 84 zilizonunuliwa mtandaoni: 26 tu ndizo zilizokuwa na CBD inayolingana na lebo, na 18 zilikutwa na THC. Omba cheti cha maabara huru. Hakikisha namba ya bechi kwenye cheti ni ileile ya chupani, kisha angalia mstari wa THC. "ND" maana yake haikuonekana kwenye kipimo. Kiwe pia na majibu ya metali nzito, viuatilifu na viyeyusho. Cheti chenye mstari wa CBD tu hakitoshi.

Anayeanza achukue chupa dhaifu. Miligramu 300 katika mililita 30 ni 10 kwa mililita, kwa hiyo nusu mililita ni miligramu 5. Ukianza na chupa ya miligramu 1,500, kila tone linabeba takriban 2.5 na kosa dogo la mkono linaongeza dozi maradufu. Tumia kipimio chenye alama, weka chini ya ulimi kwa dakika moja hivi, umeze. Usiongeze siku hiyohiyo kwa kuwa hujasikia kitu. Kilichomezwa kinaweza kuchukua saa mbili. Chakula chenye mafuta huongeza CBD inayoingia mwilini mara kadhaa, kwa hiyo meza kwa namna moja kila siku. Mamlaka ya chakula ya Uingereza, tangu Oktoba 2023, inashauri mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 10 kwa siku. Dalili za kuzidisha ni usingizi, kuharisha na kukosa hamu ya kula.

CBD huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, anaweza kutokwa damu, na anayetumia valproeti ya kifafa anaweza kuumia ini. Muulize daktari kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wasiguse. Na mzazi asimwachishe mtoto dawa za kifafa kwa sababu ya mafuta ya dukani: Epidiolex, dawa ya CBD iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina chache za kifafa kikali, huanza na miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani 100 kwa mtoto wa kilo 20, tena huku ini likipimwa.

Ukisafiri kwenda nyumbani, iache chupa. Tanzania na Kenya bangi ni kosa la jinai, na "full spectrum" ina THC ndani yake. Umoja wa Falme za Kiarabu unakataza bidhaa za CBD, hata kwa anayebadilisha ndege tu Dubai.