Alamisho Inayokumbuka Sababu: Mwongozo kwa Kitabu, Hati na Kivinjari

Kazi yangu ni uhariri. Kutwa nina kitabu mkononi, muswada kwenye kompyuta na vichupo vimejazana juu ya kivinjari, na kote huko naishi kwa alamisho. Wahariri wachanga niliowafundisha karibu wote huja na tatizo lilelile: wanaweka alamisho nyingi, kisha wanatafuta upya jambo walilokwisha kulipata. Alama zao husema "hapa", hazisemi "kwa ajili ya nini".

Hatua ya 1: Amua alama ni ya kazi gani

Alamisho ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuonyesha ulipofikia: leo umeishia hapa, kesho unaendelea. Hiyo huwa moja tu kwa kila kitabu, nayo husogea kila unaposoma. Ya pili ni kuonyesha pa kurudia: jedwali, ufafanuzi, aya utakayoinukuu. Hizo zinaweza kuwa nyingi, na hazisogei. Ya tatu ni kumwongoza msomaji mwingine, kama ile orodha ya sura inayofunguka pembeni mwa faili la PDF.

Mtu anayekunja kona ya ukurasa kila anapopumzika, na kuikunja pia kila anapopenda sentensi, baada ya wiki moja hajui kona ipi ni ipi. Kwa hiyo zitenganishe kwa sura: utepe au kipande kirefu cha karatasi kwa ulipofikia, vipande vidogo vya pembeni kwa pa kurudia.

Hatua ya 2: Kitabu cha karatasi

Alama bora ni ile isiyoweza kudondoka. Watu wamelijua hilo tangu zamani: mojawapo ya vialamisho vya kale kabisa vilivyosalia ni cha karne ya 6, cha ngozi, kilichofungwa kwa ukanda kwenye jalada la kitabu cha Kikopti (lugha ya Wakristo wa kale wa Misri), nacho kilipatikana Misri karibu na Saqqara. Utepe unaoshonwa kwenye mgongo wa misahafu, Biblia na kamusi unafanya kazi hiyohiyo hadi leo.

Kama kitabu chako hakina utepe, kata kialamisho mwenyewe. Chukua karatasi nyeupe iliyo nene kidogo kuliko kurasa za kitabu, lakini si ngumu kama ubao. Upana wa sentimita 4 unatosha. Urefu uzidi kitabu kwa sentimita 2 hivi, ili ncha ichomoze juu. Kisukume hadi karibu na mshono. Kikibaki ukingoni kitachomoka mara tu kitabu kikiinamishwa.

Sasa tumia uso wake. Kwa penseli naandika namba ya ukurasa na maneno machache: "uk. 112, wingi wa neno hili haulingani na uk. 87." Kitabu kikifika mwisho, kile kipande kimeshakuwa faharasa yangu binafsi. Nakiacha ndani ya jalada la nyuma, na baada ya miaka mitatu bado kinanijibu.

Yapo mambo ya kuepuka, na hapa sina upole. Kona iliyokunjwa huvunja nyuzi za karatasi. Ukurasa ukizeeka, kona hukatikia palepale. Kibanio cha chuma huacha kutu. Kalamu iliyofungiwa ndani huupinda mgongo wa kitabu. Kibaya kuliko vyote ni kipande cha gazeti, kwa sababu karatasi ya gazeti ina asidi inayohamia kwenye kurasa inazogusana nazo. Niliwahi kukisahau ndani ya kamusi yangu. Nilipoifungua miaka mingi baadaye, nilikuta mstatili wa kahawia kwenye kurasa zote mbili, umbo la kile kipande limebaki kama kivuli. Halifutiki.

Vijikaratasi vya kunata vina historia inayowahusu wasomaji moja kwa moja. Spencer Silver wa kampuni ya 3M alivumbua gundi dhaifu mwaka 1968, lakini haikujulikana itumike wapi. Mwaka 1974 mwenzake, Art Fry, aliyekuwa akiimba kwaya, alichoshwa na vipande vya karatasi vilivyokuwa vikidondoka kutoka kitabu chake cha nyimbo, akaikumbuka ile gundi. Bidhaa hiyo ilisambaa Marekani mwaka 1980. Vitumie kwenye kitabu cha kazi, uvitoe ukimaliza. Usivibandike kwenye kitabu cha kale wala cha kuazima, maana hubakiza gundi inayonasa vumbi.

Hatua ya 3: Kitabu cha kielektroniki

Hapa ni rahisi. Gusa kona ya juu ya ukurasa au alama iliyowekwa kwa kazi hiyo. Kumbuka tu kwamba ukikuza herufi, kurasa hupangika upya. Alamisho hushikamana na mahali katika matini, si na namba unayoiona. Ukitaka kumwelekeza mwenzako, mtajie sura na maneno ya kwanza ya aya.

Hatua ya 4: Kivinjari

Bonyeza Ctrl na D (Command na D kwenye Mac). Kidirisha kitatokea kikiwa na jina ambalo ukurasa umejipa wenyewe. Usibonyeze kitufe cha kumaliza kwanza! Hapo ndipo alamisho nyingi hufia. Jina kama "Karibu | Ukurasa wa Mwanzo" halitakwambia lolote mwezi ujao. Lifute, uandike jambo, mahali na sababu, kwa mfano:

"Ngeli za majina ya vifaa – jedwali la 3 – kwa sura ya 5"

Folda nazo nazigawa kwa kazi, si kwa mada. Folda iitwayo "Lugha" haifiki mwisho; folda iitwayo "Muswada wa Juni" hufungwa kazi ikiisha.

Ukurasa ukiwa mrefu, chagua maneno unayoyahitaji, bofya kulia, kisha tafuta amri ya kunakili kiungo cha maandishi yaliyoangaziwa, Chrome inayo. Anwani utakayopata itakuwa na alama #:~:text= ndani yake, na ukiifungua utapelekwa kwenye sentensi yenyewe. Hifadhi hiyo.

Hatua ya 5: Hati unayoiandikia wengine

Katika Word, weka kishale cha kuandikia mahali unapopataka, fungua menyu ya kuingiza, chagua alamisho, uipe jina. Jina lazima lianze na herufi na lisiwe na nafasi, kwa hiyo andika jedwali_ngeli. Kisha unaweza kuunganisha sentensi yoyote ya hati na mahali hapo, na kiungo kitafika hata kurasa zikiongezeka katikati. Kwa PDF, tumia mitindo ya vichwa tangu mwanzo na uchague alamisho zitengenezwe kutokana na vichwa unapohifadhi. Muswada wa kurasa 300 usio na alamisho humchosha msomaji bure.

Hatua ya 6: Linda ulichokusanya

Alamisho ya mtandaoni ni anwani tu. Yaliyomo yanakaa kwa mwingine. Pew Research Center, kituo cha utafiti cha Marekani, ilitangaza mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Ukurasa unaoutegemea kwa nukuu uhifadhi pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa, na uweke anwani ya nakala hiyo kando ya ile ya awali.

Usiiachie huduma moja kila kitu. Pocket, iliyotumiwa na wengi kuhifadhi makala za kusoma baadaye, ilifungwa Julai 2025. Mimi kila mwanzo wa mwezi nafungua kidhibiti cha alamisho (Ctrl, Shift na O kwenye Chrome na Firefox za Windows) na kuzitoa zote kwenye faili la HTML. Faili hilo husomeka na vivinjari vyote vikubwa. Mstari wake wa kwanza bado unabeba jina la Netscape, kivinjari cha miaka ya 1990. Likishahifadhiwa kwenye diski ya nje, lifungue na ubofye viungo vitatu vya zamani kuliko vyote. Kilichokufa, kitafutie nakala siku hiyohiyo, wakati bado unakumbuka kilichokuwamo.