Jinsi ya kumpangia mzee nyimbo za ujana wake

Bibi wa Zanzibar aliyezaliwa 1950 si lazima ampende Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab. Siti alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928 na akafariki huohuo mwaka 1950, kwa hiyo kwa bibi huyu Siti ni sauti ya enzi ya mama yake. Sauti yake mwenyewe huenda ni wimbo wa filamu ya Kihindi aliyoitazama Cine Afrique, jumba la sinema la mjini, au Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, aliyemsikia redioni. Wajukuu wengi hukosea hapa: wanachukua "taarab ya zamani" yoyote, wanaiweka, bibi anaitikia kwa adabu, na yamekwisha.

Anza na hesabu. Andika mwaka wa kuzaliwa, uongeze 10; kisha rudi kwenye mwaka uleule wa kuzaliwa, uongeze 25. Muziki wa katikati ya miaka hiyo miwili ndio unaoshika kuliko mwingine wote. Ni umri wa baleghe, wa marafiki, wa harusi za watu na hatimaye harusi yako mwenyewe; mambo mengi yanatokea kwa mara ya kwanza, na wimbo uliokuwepo unashikamana nayo. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani, Holbrook na Schindler, walikuta kwamba watu hupendelea zaidi nyimbo zilizotamba wao wakiwa na miaka kama 23 na nusu. Watu wao walikuwa Wamarekani, basi namba hiyo usiifanye msumari. Bibi wa 1950 anatoka 1960 hadi 1975. Mtu wa 1968 anatoka 1978 hadi 1993, naye ni mtu wa kaseti.

Wazee wengi wa mashamba, Unguja na Pemba, hawana mwaka kamili wa kuzaliwa. Usiwabane kwa tarehe. Uliza: "Bibi, Mapinduzi yalikukuta una umri gani, ushaanza chuo?" Au: "Mzee Karume alipouawa, ulikuwa ushaolewa?" Ya kwanza ni Januari 1964, ya pili ni Aprili 1972. Majibu mawili yanatosha kukuonyesha muongo.

Sasa uliza mahali, si jina la wimbo. Ukiuliza "unapenda nyimbo gani?" utajibiwa "zote nzuri, mwanangu". Uliza redio ilikuwa nyumba ya nani na watu walikaa wapi kuisikiliza. Uliza sikukuu ya Idi walikwenda wapi, na harusini waliitwa watu wa taarab au wa kidumbaki. Tofauti hii ni kubwa. Aliyekulia karibu na klabu za mjini, kama Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905 au Culture iliyoanza 1958, sikio lake limezoea fidla nyingi kwa pamoja, ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa), udi na akodiani. Aliyekulia kwenye kidumbaki anataka ngoma mbili ndogo, fidla moja, cherewa za kutikisa, mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na besi ya sanduku, na anataka mwendo wa kuchezeka. Pemba mtu anaweza kukutajia ngoma ya msewe kabla ya taarab yoyote. Yote andika.

Mara nyingi utapewa mstari mmoja tu, labda kibwagizo. Uandike kama ulivyotamkwa, usisahihishe neno. Kisha mwombe auvumishe, urekodi kwa simu. Sauti hiyo ya sekunde ishirini itamsaidia mtu mwingine kuutambua wimbo kuliko maelezo yako yote.

Kutafuta rekodi ndiyo kazi yenyewe. Hakikisha ni toleo la wakati ule. Wimbo uleule ukiimbwa upya kwa kinanda cha umeme, mzee anaweza kukwambia sio, na ana haki: alichokihifadhi si maneno peke yake, ni mlio wa zile fidla na pumzi ya yule mwimbaji.

Kaseti za kwenye sanduku la nguo zishike kwa uangalifu. Hewa ya visiwa ina unyevu, na unyevu huotesha ukungu. Ielekeze kaseti kwenye mwanga utazame kingo za utepe; ukiona unga mweupe, usiitie kwenye redio, kwani utauhamishia kwenye kaseti zote zitakazofuata. Iweke pembeni, umpelekee fundi aliyezoea kazi hiyo. Iliyo safi, ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mara moja kabla ya kuipiga, ili utepe uliogandamana uachane. Safisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti, uache kikauke. Sauti ikiwa imefifia kama iko chini ya mto, tazama kile kipande kidogo cha sufi nyuma ya utepe. Mara nyingi kimebanduka. Mwimbaji akisikika mzito na wa polepole, mkanda wa mpira ndani ya redio umelegea. Badilisha mkanda kwanza, ndipo unakili kwenye kompyuta. Kaseti ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, basi tenga saa nzima na usiiharakishe.

Orodha iwe fupi. Wimbo wa taarab ya kikundi kizima unaweza kufika dakika 10 au zaidi, wa santuri ni kama dakika 3. Kwa kikao cha dakika 40 weka nyimbo ndefu tatu za miaka yake, na mbili fupi za enzi ya wazazi wake. Hizi za wazazi usiziache. Mwaka 2013 watafiti Krumhansl na Zupnick walionyesha kwamba vijana wa miaka ishirini waliguswa pia na nyimbo za ujana wa wazazi wao, kwa sababu walizikuta nyumbani.

Sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu: s, sh, f. Maneno yanachafuka, na kuongeza sauti hakuyasafishi. Punguza besi, zima feni, weka spika ndogo kama mita moja mbele yake, sauti iwe ya watu wanaozungumza. Kama anavaa kifaa cha kusikia, kumbuka kimetengenezwa kwa mazungumzo na kinaweza kuipindapinda fidla. Muulize mtaalamu wake kama kina mpangilio wa muziki.

Kabla ya yote, uliza kama bado anasikiliza muziki. Wako walioacha kwa ajili ya dini, na hao usiwashawishi. Hesabu ileile inafaa kwa kaswida na maulidi ya homu, yale ya kuimba kwa safu na dufu, na ladha imejengeka vilevile. Mwezi wa Ramadhani kikao cha taarab kiahirishe.

Wakati wa kusikiliza usimkatize kwa maswali. Tazama midomo, kidole juu ya kiti, macho. Kunyamaza si kutopenda. Akilia, acha wimbo uishe wenyewe, kisha muulize kama uweke mwingine au basi. Nyimbo za harusi kwa mjane, na za miaka ya shida, zisiwe za kwanza.

Na wewe mjukuu wa zenji flava, muziki wa vijana wa Zanzibar, ukiona taarab inakuchosha, chukua wimbo mmoja tu wa orodha hii, uusikilize mara moja kwa siku kwa siku kumi. Kitu kinachokutana nawe mara kwa mara huanza kupendeka. Mwanasaikolojia Zajonc aliliandika hili mwaka 1968. Ukiurudia mara ishirini kwa siku moja unaweza kuuchukia. Siku tatu za kwanza fuata ganuni peke yake. Siku ya nne fuata fidla, usikilize zinavyomjibu mwimbaji kila anapomaliza mstari. Maneno yaache mpaka siku ya saba, halafu mpelekee bibi yale usiyoyaelewa.