SOMO: Kuchaji simu dago kwa sola (someni kabla ya kunifuata inboksi)

Wakuu, kila watu wanapojiandaa kwenda dago (kambi ya muda ya wavuvi au wakulima) napokea ujumbe uleule: "Fundi, ninunue paneli gani simu isizime?" Nimechoka kuandika jibu moja kila mara. Naliweka hapa, atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Mfano wangu ni kambi ya wavuvi visiwa vya upande wa Kilwa na Mafia: simu janja mbili na vitochi viwili. Aliye shamba la mbali hesabu ni hiyohiyo, ila chumvi haimhusu.

Hesabu kwanza. Simu janja ya 5000 mAh inabeba kama wati-saa 19 (wati-saa ni kipimo cha umeme uliohifadhiwa). Njiani umeme unapotea, kwa hiyo weka 25 kwa simu moja. Kitochi weka 5. Jumla ni 60 kwa siku, tena hapo nimechukulia zote zimeisha kabisa. Paneli ya wati 30 ikipata saa tano za jua kali, kwenye karatasi inatoa 150. Usiamini karatasi. Joto, vumbi na kontrola (kifaa kinachosimamia umeme kati ya paneli, betri na simu) ya bei rahisi vinaipeleka kwenye 90 hivi, na bado inatosha.

Vifaa. Paneli ya wati 30 ya volti 12. Betri kavu ya volti 12, 12Ah. Kontrola ya ampea 10 yenye matundu ya USB. Fyuzi ya ampea 5 na kishikio chake. Waya wa milimita za mraba 2.5, mwekundu na mweusi. Boksi la plastiki. Grisi.

Hatua ya 1. Paneli iangalie kaskazini, ilale kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua iisafishe. Kivuli kisiiguse. Kuti moja la mnazi likiziba seli moja, paneli karibu nzima inalegea, maana seli zimeungwa kwa mfululizo.

Hatua ya 2. Betri ndani ya boksi, juu ya ubao, kivulini. Toboa boksi matundu, betri hutoa hewa.

Hatua ya 3. Fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri.

Hatua ya 4. HAPA SOMA MARA MBILI. Betri inaunganishwa kwenye kontrola KWANZA. Paneli inafuata. Simu mwisho. Kontrola nyingi zinajitambulia zenyewe kama mfumo ni wa volti 12 au 24 kwa kuiangalia betri. Ukitanguliza paneli juani, kontrola inakutana na volti 21 au 22, na betri ya kulinganishia haipo. Nyingine inadhani uko kwenye mfumo wa 24 na haichaji kitu, nyingine inaungua papo hapo. Kontrola yangu ya kwanza ilikwenda hivyo, nikabaki na harufu. Kwa hiyo funika paneli kwa turubai au kanga nzito unapofunga waya. Kufungua ni kinyume: simu, paneli, halafu betri. Na usiziamini rangi za waya ulizokuta zimefungwa na mtu mwingine. Pima chanya na hasi kwa mita. Usiguse vichwa viwili vya betri kwa spana moja, hata kwa bahati mbaya.

Hatua ya 5. Chomeka simu kwenye USB ya kontrola.

Hatua ya 6. Paka grisi vichwa vya betri na skrubu za kontrola BAADA ya kukaza. Upepo wa baharini unakula shaba haraka kuliko unavyodhani, na waya ukiota ukungu wa kijani umeme haupiti vizuri.

---

Swali: Mkuu somo zuri. Sasa paneli ya wati ngapi inafaa?

Jibu: Iko kwenye vifaa. Panda juu.

Swali: Mbona mnazungusha sana? Jirani yangu kafunga waya wa USB moja kwa moja kwenye paneli na simu inachaji. Kontrola ni biashara yenu mafundi.

Jibu: Siuzi kontrola. Simu inataka volti 5 kwenye USB. Paneli ya "volti 12" isipokuwa na mzigo inapanda hadi 21. Jirani yako ana kapaneli kadogo kenye kipunguza umeme ndani yake, au simu yake inasubiri siku ya jua kali. Kageuze nyuma usome maandishi, kisha urudi hapa.

Swali: Kaka fundi, mimi nalima mwani, nakaa ufukweni wiki nzima. Nina pawabenki ya 20000 mAh na simu ya 5000. Kwa akili yangu ilipaswa kuchaji mara nne, lakini haijawahi kufika tatu. Nimeibiwa?

Jibu: Dada, swali zuri hili. Hujaibiwa. Ile 20000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, yaani wati-saa 74. Ikitoka kwa USB inapandishwa hadi volti 5, na katika kupandisha kuna kinachopotea kama joto. Ikifika kwenye simu inashushwa tena, kingine kinapotea. Mara mbili na nusu hadi tatu ni halali. Ingekuwa mara moja tu, hapo ningesema namba ya kwenye ganda ni ya uongo. Kwako usinunue betri kubwa kwanza. Chaji pawabenki mchana kwa kapaneli ka USB, usiku chaji simu. Ila pawabenki iwe kivulini, nyuma ya paneli. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na juu ya mchanga wa saa saba unafika huko bila taabu.

Swali: Nina inveta ya wati 300, si nitumie tu chaja ya ukutani?

Jibu: Utapandisha volti 12 hadi 230 halafu ushushe hadi 5. Na inveta inakula betri hata usipochomeka kitu. Chaja ya gari ni bora mara kumi, inapokea 12 moja kwa moja.

Swali: Kijana, betri yangu niliiacha nyumbani masika yote. Sasa haishiki chaji. Nimeiharibu mimi au ilikuwa mbovu?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Betri za risasi zikikaa tupu, ndani zinagandamana na hazirudi. Ya kesho, kabla ya kuihifadhi ijaze mpaka mita isome kama volti 12.7 ikiwa imetulia, na uichaji tena kila mwezi. Dago ikisoma 12.2 umefika nusu, acha kuchaji simu hadi jua litoke. Hii uliyonayo jaribu kuichaji siku mbili tatu mfululizo. Ikigoma, ipeleke kwa wanunuzi wa betri chakavu, usiitupe pwani.

Mchangiaji: Naongeza moja. Kisiwani mtandao ukiwa dhaifu simu inautafuta muda wote na chaji inakwisha bila kupiga hata simu moja. Weka hali ya ndegeni, washa asubuhi kusikia bei ya samaki na utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), zima tena.

Jibu: Kweli kabisa, na hii haina gharama.

Swali: Simu yangu iliingia maji ya bahari, nikaichaji hivyohivyo usiku ikazima. Tatizo ni kontrola?

Jibu: Tatizo ni kuichaji. Maji ya chumvi yakikutana na umeme pale kwenye tundu, vile vyuma vidogo vya ndani vinaliwa kwa usiku mmoja.

Mchangiaji: Sisi tunasuuza tundu kwa maji kidogo ya kunywa, yasiyo na chumvi, tunakung'uta, tunaianika kivulini siku mbili. Mchele hausaidii.

Jibu: Sahihi. Na uizime kwanza kabla ya kuisuuza.