Lisansi ya uuguzi kwa intaneti: wasikilize wanaokupinga kabla hujalipa

Ukitaka kujua wauguzi wa Lubumbashi wanafikiri nini juu ya kusomea lisansi, yaani digrii ya uuguzi, kwa intaneti, sema tu asubuhi, wakati wa kupokezana zamu, kwamba unataka kujiandikisha. Utayasikia yote kabla chai haijapoa. Mmoja atauliza kama simu itakufundisha kuweka sonda, ule mrija wa mgonjwa. Mwingine atasema diploma hizo zinanunuliwa. Kijana aliyetoka ISTM, chuo cha tiba, juzijuzi atakuomba namba ya shule palepale. Mama shefu, mkuu wa wodi, atanyamaza, maana yeye anawaza nani ataziba pengo lako kwenye gardi, zamu ya usiku.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, nakaa Katuba. Nilianza kazi nikiwa A1, muuguzi wa diploma ya miaka 3, na lisansi nimeisoma kwa njia hiyo huku nikishika zamu zangu. Wadogo zangu wengi wananiuliza waanzie wapi, nami nawajibu wote sawa: anza na hao wanaokupinga. Usigombane nao, wala usiwaone wana wivu. Karibu kila shaka wanayoitoa ni swali ambalo shule inapaswa kulijibu kabla hujatoa hata dola moja. Chukua daftari, andika maneno yao kama walivyoyasema, kisha yapeleke shuleni.

"Itatambuliwa wapi?"

Hili ndilo la kwanza, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapolizwa.

Kama shule iko hapa Kongo, omba hati inayoonyesha kwamba Wizara ya Elimu ya Juu, ESU, imeiruhusu kufundisha, na kwamba ruhusa hiyo inahusu sayansi za uuguzi. Shule inaweza kuwa na ruhusa ya kufundisha usimamizi wa kazi au informatiki, kisha ikafungua uuguzi kwa sababu wateja ni wengi. Kama shule iko nje, jua kwamba diploma yake itapaswa kupita Kinshasa kutafutiwa ekivalansi, yaani kutambuliwa kuwa sawa na ya hapa, kwenye wizara hiyohiyo. Tafuta mtu aliyesoma shule hiyohiyo na kuipata ekivalansi, akuonyeshe karatasi yake. Kama shule imefundisha Wakongo miaka mingi na hawawezi kukuonyesha hata mmoja, funga daftari uende zako.

Usisahau Ordre des Infirmiers. Tangu sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 iliyouunda, uuguzi wetu una chombo chake cha taaluma. Nenda ofisini kwao hapa mjini na jina la shule mkononi, uulize kama wanaijua. Ni safari ya asubuhi moja tu.

Kuna jambo la LMD pia, yaani mfumo mpya wa lisansi, masta na doktora. Katika mfumo wa zamani tulifanya miaka 3 ya graduat, ndiyo A1, kisha miaka 2 ya lisansi. Katika LMD, lisansi ni miaka 3 yenye kredi 180, yaani 60 kwa mwaka. Sasa wewe mwenye graduat ya zamani utaingizwa wapi? Kila shule inakuambia lake. Omba jibu kwa maandishi, lenye muhuri, linalotaja kredi ngapi watakutambulia na ngapi zitabaki. Sauti ya WhatsApp ya sekretari mwenye maneno matamu haitakusaidia siku jury, jopo la walimu wanaoamua matokeo, itakapokaa. Na wewe A2, muuguzi wa ngazi ya sekondari, kabla ya yote hakikisha una diploma d'Eta, ile ya taifa ya kumaliza sekondari, mkononi, kwa sababu bila hiyo mlango wa elimu ya juu haufunguki, uwe wa darasani au wa intaneti.

Dada mmoja tuliyekuwa naye kazini alilipa ada ya mwaka mzima kwa shule ya nje aliyoiona kwenye matangazo. Walimtumia masomo ya muhula mmoja, kisha tovuti ikazimika na namba zikaacha kuita. Alilipa kwa simu, kwa jina la mtu binafsi. Kwa hiyo: lipa kwa akaunti yenye jina la shule, lipa kwa awamu wakikubali, na weka kila bordero, yaani risiti ya malipo. Nilimwona akilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na hilo ndilo linalonifanya niwachoshe watu kwa maswali ya karatasi.

Neno moja juu ya yale matangazo ya Marekani yanayopita Facebook. Kule masomo ya uuguzi kwa intaneti ni mengi kweli, lakini mengi yamepangwa kwa muuguzi ambaye tayari ana leseni ya Marekani na anatafuta digrii juu yake. Mikono yake imeshapimwa, kilichobaki ni nadharia, uongozi na utafiti. Tena ana sababu ya kuharakisha: jimbo la New York, kwa mfano, lilipitisha sheria iliyotiwa saini Desemba 2017, inayowapa wauguzi wapya miaka 10 ya kupata digrii. Hiyo ni hali yao. Tangazo lisikufanye udhani kwamba ukilipa utapata njia ya kwenda kufanya kazi huko.

"Simu haiweki sonda"

Wazee wetu wana haki kabisa hapa. Uuguzi uko mikononi. Hakuna video itakayokufanya uhisi mshipa wa mtoto aliyekaukiwa na maji, na shule inayokuahidi lisansi bila staji, mazoezi ya hospitalini, inakudanganya.

Lakini shule nzuri haisemi hivyo. Majirani zetu Kenya walianza mwaka 2005, shirika la afya la Amref pamoja na baraza la wauguzi la nchi hiyo, kuwapandisha ngazi wauguzi waliokuwa kazini kwa kujisomea kwenye kompyuta, na mazoezi ya wodini yakabaki palepale. Huo ndio mpango wa kutafuta: nadharia nyumbani, mikono hospitalini, chini ya macho ya mtu mwenye jina.

Kwa hiyo iulize shule: staji ni ya saa ngapi, nani atanisimamia Lubumbashi, nani atatia saini, na je, mna makubaliano na hospitali gani hapa? Wakikujibu "utajitafutia mwenyewe", angalau wakupe barua rasmi ya kuombea. Kisha omba staji mahali usipofanya kazi. Mimi wa watoto niliomba upasuaji na uzazi. Ukifanya staji kwenye wodi yako, wenzako watakuona uko kazini tu, watakupa wagonjwa wako wa kila siku, na hutaongeza kitu.

Kuna namna moja ya kuwaonyesha wenye shaka kwamba unasoma kweli, nayo ni kuleta somo wodini. Nitatoa mfano wa artesunati, dawa ya sindano ya malaria kali. Kwenye ukuta wa chumba chetu cha dawa kulikuwa na karatasi ya zamani: 2,4 mg kwa kilo kwa kila mgonjwa wa malaria kali. Katika somo la watoto nikakuta kwamba OMS, Shirika la Afya Duniani, ilishapandisha dozi ya mtoto aliye chini ya kilo 20 kuwa 3 mg kwa kilo, na 2,4 ikabaki kwa mwenye kilo 20 na kuendelea. Sikwenda kuwahubiria. Nilisubiri zamu ya asubuhi, nikachukua mtoto tuliyekuwa naye kitandani, kilo 12, tukapiga hesabu pamoja kwenye ubao. Kwa karatasi ya ukutani anapata karibu 29 mg. Kwa dozi mpya, 36 mg. Chupa ya 60 mg ukiichanganya na bikaboneti yake ya mililita 1, ukaongeza mililita 5 za seromu ya chumvi, unapata 10 mg katika kila mililita, basi mtoto huyo anachomwa mililita 3,6 kwenye mshipa, mara ya kwanza akifika, tena baada ya saa 12, tena ikitimia saa 24. Tulimwita daktari, akasoma mwongozo niliouchapisha, akakubali, na karatasi mpya ikabandikwa siku hiyohiyo. Dada mkubwa wa wodini aliyekuwa akisema masomo yangu ni ya simu ndiye aliyeiandika, kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake mzuri.

Wengine watakuuliza lisansi yenyewe itamsaidia nini mgonjwa. Jibu lipo. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2014, kwenye hospitali za nchi 9 za Ulaya, ulikuta kwamba kila wauguzi wenye digrii wanapoongezeka kwa asilimia 10 hospitalini, uwezekano wa mgonjwa aliyepasuliwa kufa ndani ya siku 30 unakuwa chini kwa asilimia 7. Lakini sema yote: utafiti huo ulihesabu digrii, haukupima njia ya intaneti, na hospitali zile zina dawa na vifaa. Muuguzi mwenzako atakuheshimu zaidi ukimpa ukweli mzima.

"Nani anajua kama ni wewe uliyefanya mtihani?"

Swali zuri hili, na mimi nililiuliza shule kwa maneno hayohayo. Chagua inayokufanyia mtihani mbele ya msimamizi, ama kwenye kituo hapa mjini, ama kwa kamera ikiwa wazi, na inayokutaka uende mwenyewe kutetea kazi yako ya mwisho mbele ya jury. Ni ghali, ndiyo, hasa nauli. Lakini siku mtu atakapokuambia diploma yako imenunuliwa, utamtajia waliokaa kwenye jury.

Umeme, mega na saa ya Kinshasa

Shule ikikuambia darasa ni saa kumi na mbili jioni, uliza ya wapi. Kama ni Kinshasa, kwetu Lubumbashi itakuwa saa moja, tumewatangulia kwa saa nzima. Ulaya ndiyo inachanganya zaidi: Paris wakati wa joto wana saa sawa na yetu, baridi ikija wanabaki nyuma kwa saa moja. Andika ratiba yote kwa saa ya Lubumbashi, uibandike jikoni ili na watu wa nyumbani waione.

Usitegemee darasa la moja kwa moja. Kwa delestaji, ule mgao wa umeme wa shirika la SNEL, na mvua za Desemba, utalikosa mara nyingi. Kabla ya kujiandikisha uliza kama masomo yote yanapatikana kwa maandishi, faili za PDF, na kwa sauti. Video ya saa moja inakula mega mamia. Sauti peke yake inakula makumi tu. Mimi nilikuwa napakua ya wiki nzima usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi, nikitumia forfe, kifurushi cha usiku, kisha nasikiliza ndani ya basi kutoka Katuba hadi mjini. Pawabenki mbili, moja ikichajiwa kazini kwa ruhusa ya mama shefu, nyingine kwa paneli ndogo ya jua nyumbani. Kwa mtihani, nenda mahali penye jenereta na ulipe. Ukikatika katikati ya mtihani, piga picha ya skrini yenye saa, mwandikie mwalimu dakika hiyohiyo. Shule nyingi zina kanuni ya kukurudishia, lakini hazimsikilizi anayelalamika baada ya siku tatu.

Simu inatosha kusoma. Kuandika kazi ya kurasa 40 kwa simu, hapana. Kama huna kompyuta, tafuta wenzako wawili mnunue moja ya mkono wa pili, mpangiane siku.

Na tafuta wa kusoma naye. Upweke ndio unaowashinda wengi kuliko ugumu wa somo. Mtu anatoka gardi, anafika nyumbani, watoto wanataka sare za shule, hakuna anayemuuliza umefika sura ya ngapi. Sisi tulikuwa watatu kutoka hospitali tofauti, tukikutana Jumapili baada ya misa nyumbani kwa mmoja Kamalondo, kila mtu na sahani yake ya bukari, ugali wetu. Asiyesoma alijulikana.

Zamu, na mama shefu aliyenyamaza

Nimemwacha wa mwisho kwa sababu yeye hakusema neno, lakini ndiye anayeweza kukuvunja au kukubeba. Usimwombe "anielewe". Mpelekee jambo lililokwisha kupangwa: tarehe za mitihani za mwaka mzima, wiki za staji, na majina ya wenzako waliokubali kubadilishana zamu nawe, na saini zao. Ongeza kile ambacho wodi itapata. Mimi niliahidi kuongea somo moja kila mwezi kwa robo saa wakati wa kupokezana zamu, na nilitimiza.

Barua iende kwa mama shefu kwanza, kisha yeye mwenyewe aifikishe kwa DN, mkuu wa wauguzi wote wa hospitali. Ukimruka, hata DN akikubali, ratiba itakukumbusha kila wiki kwamba ulimruka. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Na iwahi kabla ratiba ya mwezi haijabandikwa ukutani. Ikishabandikwa, kila anayekuachia nafasi anakuwa anatoa mapumziko yake, na hilo huwezi kumwomba mtu kila mwezi kwa miaka mitatu.