Mahafali UDOM ukiwa na wazazi kutoka mkoani: hatua kwa hatua

Nilimaliza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na juzi nimemsindikiza mdogo wangu katika mahafali yake. Mwongozo huu ni wa mhitimu anayewaleta wazazi Chimwaga, ukumbi wa mahafali pale chuoni, kwa mara ya kwanza. Matangazo ya chuo humlenga mhitimu. Wazazi wanategemea utakachowaambia wewe.

1. Jina

Orodha ya wahitimu ikitoka, soma jina lako herufi kwa herufi ukiwa na cheti cha kidato cha nne mkononi. Likitofautiana, nenda ofisi ya ndaki yako (koleji unayosomea) siku hiyo hiyo.

2. Malipo

Chukua kontroli namba ya malipo ya mahafali, lipia mwenyewe kwa simu kupitia menyu ya malipo ya serikali. Sipendi kabisa kumpa wakala anilipie: namba ina tarakimu 12, akikosea moja mtahangaika. Hifadhi ujumbe wa muamala na uchapishe risiti.

3. Joho

Kachukue siku za mwanzo, saizi zikiwa bado zipo. Lijaribu ukiwa umevaa viatu utakavyovaa siku yenyewe. Pindo lifike katikati ya ugoko, lisiburute. Dada zangu, kama mnasuka, sukeni kabla ya kujaribu kofia, maana rasta nene hubadilisha saizi.

Hudi, ile inayoning'inia mgongoni, kwa uzito wake huteleza nyuma na kukukaba shingoni. Mbele ina kitanzi kidogo, na kitanzi hicho huvishwa kwenye kifungo cha shati. Kwa hiyo vaa shati au blauzi yenye vifungo. Ukivaa gauni lisilo na vifungo, au hijabu, tembea na pini mbili na ubane mabegani, joho na hudi kwa pamoja.

4. Safari

Wazazi wetu walitoka Newala kwa basi, wakalala Dar kwa shangazi, kisha wakapanda treni ya SGR, ambayo imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, naichagua treni kuliko basi bila kufikiri mara mbili. Kata tiketi mapema, na weka gesti tarehe ikishatangazwa tu. Wafike siku moja kabla.

5. Siku yenyewe

Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima, basi nitaeleza kwa kirefu.

Kwanza, waeleze wazazi jinsi shahada inavyotolewa. Chuo chenye wahitimu maelfu, kwa kawaida, hakiiti jina la kila mmoja wa shahada ya kwanza. Kundi zima husimama, Mkuu wa Chuo hutamka kwamba anawatunuku, mnakaa. Wanaoitwa mmoja mmoja ni wa uzamivu. Mama yetu hakulijua hilo nilipohitimu mimi. Alikaa na kanga yake imekunjwa mapajani, tayari kuipunga, akisubiri jina langu hadi watu walipoanza kutawanyika. Safari hii nilimwambia mapema: "Mama, wakitaja ndaki yake wakasimama, hapo hapo ndipo." Alipiga vigelegele mpaka waliokaa mbele wakageuka. Mwonyeshe mama yako rangi ya hudi ya kundi lako na upande mtakaokaa.

Pili, mahali pa kukutana. Kuambiana "tutaonana nje" hakutoshi. Nje kuna maelfu ya watu waliovaa joho kama lako, na mzazi hawezi kukutambua kwa mbali. Wewe ndiye uwatafute wao, siyo wao wakutafute. Siku moja kabla, nendeni pamoja mkachague mti au jengo lenye kivuli, mbali kidogo na lango, kwa sababu langoni ndiko kunakosongamana. Mkubaliane kwamba wao wakifika hapo hawaondoki, hata wakikaa nusu saa.

Usitegemee kupiga simu. Mtandao huelemewa kila mtu anapopiga kwa wakati mmoja. Ujumbe mfupi hupenya mara nyingi simu inapokataa. Mwandikie kila mzee karatasi yenye jina lako, namba yako na jina la gesti, aiweke mfukoni. Kisha teua kijana mmoja wa ukoo awe na wazee tangu asubuhi, asiwaache kwenda kupiga picha. Kwetu alikuwa mjomba mdogo, na nilimpa kazi moja tu: bibi asipotee.

Wabebe maji, mwavuli na sweta. Jua la Dodoma ni kali, upepo wa asubuhi ni mkali vilevile, na msimu wa mahafali huangukia karibu na mvua za kwanza. Wanywe chai nzito kabla ya kutoka, maana shughuli ni ndefu. Kadi za mwaliko wawe nazo wao, usibaki nazo wewe.

Mashada ya maua nunua sokoni Majengo jana yake. Mpiga picha patana naye bei kabla hajainua kamera, na picha ya kwanza iwe ya wazazi, kabla ya marafiki.

6. Kurudisha joho

Rudisha ndani ya muda uliotangazwa, udai risiti ya kurudisha. Utaihitaji kwenye kliaransi, yaani kuthibitisha kwamba chuo hakikudai kitu. Ukienda kuchukua cheti, kisome pale pale dirishani, jina, programu na daraja, kabla ya kusaini daftari.