Kabla hujaongeza taa na swichi nyumbani, fungua kwanza swichi uliyonayo

Watu wengi wakitaka kuongeza taa wanaanzia Kariakoo, wananunua taa iliyowapendeza, swichi mpya na roli nzima ya waya, ndo wanampigia fundi aje afunge. Mi ni fundi umeme na nakuomba sana uanzie ukutani kwako, kwenye swichi ambayo tayari ipo, maana ile ndo itakwambia kama kazi ni ya saa moja au ni ya kutindua ukuta siku mbili.

Ila usiifungue kabla hujazima meni swichi. Sio swichi ya taa, sio breka moja unayodhani ndo ya taa, zima meni yote. Testa yako ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme uone inawaka, alafu zima, alafu pima pale unapotaka kushika, kwa sababu testa mbovu na waya usio na umeme majibu yao ni mamoja, hakuna kinachowaka. Na hata meni ikiwa imezimwa zile nyaya nene zinazotoka kwenye mita ya LUKU kuingia kwenye meni bado zina moto, yaani umeme, hizo usiziguse kabisa.

Sasa ukishafungua, mara nyingi utakuta waya mbili tu, nyumba za zamani nyekundu na nyeusi, za karibuni kahawia na bluu. Hapa ndo watu wanapokosea. Mtu anaona nyeusi au bluu anasema hii ni nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, anachukua umeme hapo hapo wa taa mpya. Hapana. Kwenye swichi, nyekundu au kahawia ni moto unaoshuka na nyeusi au bluu ni moto huo huo unaorudi juu kwenye taa ukishawasha, nyutro yenyewe iko juu ya dari na haikushuka kabisa. Niliitwa kwa mama mdogo wangu, kijana mmoja alimfungia taa ya barazani akichukua umeme kwenye swichi ya sebuleni namna hiyo, basi ukizima ya sebuleni ile ya barazani inawaka kwa kufifia na kupepesa, ukiwasha ya sebuleni ya barazani inazima. Mama alishabadilisha balbu tatu akidhani ni feki, kumbe taa zote mbili zilikuwa zinapokezana umeme kwenye njia moja. Kwaiyo kabla hujapanga taa ikae wapi, jua nyutro utaitoa wapi, na kama ni darini basi kuna mtu atapanda darini, panga na hilo.

Na tafadhali usikubali nyutro ichukuliwe kwenye soketi ya jirani eti kwa sababu iko karibu. Itawaka vizuri na utafurahi, ila kama soketi zako zina breka yake ya kuzuia mshtuko itakuwa inaruka kila ukiwasha taa. Hatari kubwa zaidi ni siku nyingine, fundi amezima breka ya soketi, anafungua nyutro akiamini haina kitu, kumbe taa ya saketi nyingine, yaani laini yenye breka nyingine, inarudisha umeme kupitia waya ule ule na unampiga yeye. Hii inaua watu ambao wamefuata taratibu zote, ndo maana inaniuma.

Upande wa mzigo kwa taa za LED usihangaike sana. Taa kumi za wati 9 ni wati 90, kwa volti 230 haifiki hata nusu ampia, breka ya ampia 10 haitasikia kitu. Kinachobadilisha hesabu ni kuunganisha vitu vingine kwenye laini ya taa, mfano hita ya kuogea ya wati 5000 ambayo peke yake inakula karibu ampia 22, hiyo inataka waya wake mnene na breka yake, na kazi ya kuongeza saketi kwenye meni mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji.

Waya wa taa nunua milimita za mraba 1.5, wa soketi 2.5, na ukiwa dukani omba ukate kipande kidogo uangalie kichwa cha waya, ukiona nje ni rangi ya kopa ila katikati ni weupe hiyo ni alumini iliyopakwa, achana nayo hata kama bei inavutia. Taa ya bodi la chuma inataka ethi, waya wa usalama unaoenda ardhini, na nyumba nyingi nilizoingia ethi haijafika kwenye taa, imeishia kwenye soketi. Kama kwako ndo ivyo, ama ivutwe ethi mpaka pale ama ununue taa yenye alama ya kiboksi ndani ya kiboksi, hiyo imetengenezwa isihitaji ethi.

Kwa korido na ngazi, kama unataka kuwasha huku na kuzimia kule, mara nyingi zinapita waya tatu kati ya swichi na swichi, na bomba la zamani huenda limeshajaa. Hili liamue kabla ya rangi. Taa za nje chukua zilizoandikwa IP65, yaani zisizoingiza vumbi wala maji ya kurushiwa, hasa sisi wa pwani chumvi inakula skrubu haraka, na swichi ya bafuni ikae nje ya mlango.

Maungio ya darini yawe kwenye konekta ndani ya boksi lenye kifuniko, tepu peke yake chini ya bati la Dar inayeyuka gundi na kuachia, alafu kuna panya.

Na kabla mfereji haujafukiwa na plasta weka futi kamba ukutani, upige picha mabomba yakionekana na vipimo vyake, uichape na kuibandika ndani ya mlango wa kabati karibu na meni. Mwakani utataka kutundika kioo hapo hapo, na utajua pa kutotoboa.