Jinsi ya Kulinganisha Ugumu wa Makorongo Mawili Kabla ya Kuondoka Mwanza

Mkazi wa Mwanza hana haja ya kufundishwa kutembea juu ya mawe. Aliyekulia Igogo, Bugarika au Mabatini amepanda ngazi za mawe na ndoo ya maji kichwani tangu utotoni, na ndiyo maana akisikia kwamba matembezi ya korongoni huchukua saa mbili au tatu tu, huona hakuna la kujiandalia. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu katika korongo la mto urefu wa njia ndicho kipimo chenye maana ndogo kuliko vyote. Nitaeleza namna ya kulinganisha makorongo mawili ambayo kila moja hutembewa kwa siku moja: Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, ambalo kutoka Mwanza hufikiwa kwa kupitia Serengeti na Loliondo au kwa kuzunguka Arusha, na Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, ambalo hufikiwa kwa njia ya Sirari na Narok.

Kabla ya kushika ramani, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani ugumu na hatari. Ugumu ni kile kinachokuchosha: joto, mwinuko, mawe yanayoteleza, maji yanayosukuma magoti. Hatari ni kile kinachoweza kukuua hata kama hujachoka. Njia nyepesi inaweza kuwa na hatari kubwa, na njia inayokutoa jasho inaweza kuwa salama kabisa, kwa hiyo usikubali jibu la neno moja unapouliza kama korongo fulani ni gumu. Uliza maswali mawili, na uandike majibu mawili.

Anza na muda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila maili tatu, ambazo ni takriban kilomita 5, kisha uongeze saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani takriban mita 600. Kanuni hiyo ni nzuri kwa njia ya wazi, lakini ndani ya korongo huwa inadanganya, kwa kuwa mtu anayepita juu ya mawe ya mtoni hupima kila hatua kabla ya kuweka uzito wake, na kundi zima husimama likimsubiri mmoja avuke. Mimi hukokotoa muda kwa kanuni hiyo, kisha huuzidisha mara mbili kwa sehemu zote za kupita majini au kwenye mawe makubwa. Hicho ni kipimo changu mwenyewe, na hakijawahi kuniacha njiani baada ya giza kuingia.

Kisha utafute kipande kibaya kuliko vyote. Wastani wa njia hausaidii kitu, kwani mita 50 za mwamba unaoteleza ndizo zitakazoamua kama mama yenu au mtoto wa miaka kumi ataweza kupita. Muulize mwongozaji wa eneo husika maswali yanayojibika: maji yanafika wapi mwilini, kwenye kifundo cha mguu, gotini au kiunoni? Ni lazima kutumia mikono mahali pangapi? Kutoka pale penye ugumu zaidi, mtu aliyeteguka mguu atatolewa kwa njia gani? Swali hilo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko mengine, kwa sababu korongo lina kuta pande mbili, na mara nyingi njia ya kutoka ni ile ile uliyoingilia.

Tuyapeleke maswali hayo Engare Sero. Mto huu hushuka kutoka kwenye miinuko ya ukuta wa Bonde la Ufa na kuelekea Ziwa Natron, na matembezi huufuata kwenda juu hadi kwenye maporomoko yenye kidimbwi cha kuogea. Kwenda huchukua takriban saa moja, na njiani unauvuka mto mara kadhaa. Kwenye karatasi hilo linaonekana jepesi. Lakini Ziwa Natron liko kwenye kimo cha takriban mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, chini sana kuliko Ziwa Victoria lililo kwenye mita 1,134, na joto lake huweza kuzidi nyuzi 40. Mwili uliozoea upepo wa ziwa hapa kwetu hushtuka. Halafu kuna viatu: katika safari yangu ya kwanza mwenzangu alivaa raba nzuri za mjini, na kufikia mara ya tatu ya kuvuka soli ya mguu wa kulia ilikuwa imeachia mbele, ikafunguka kama mdomo wa sangara na kuzoa changarawe kila alipoinua mguu. Tulimfunga kwa kamba ya begi, akarudi akichechemea.

Ol Njorowa ni jambo lingine. Naivasha iko kwenye takriban mita 1,900, kwa hiyo hewa ni ya baridi kiasi na miguu haichoki haraka, ingawa anayekodi baiskeli kwenye lango la Elsa lazima ajumlishe uchovu wa kuendesha kwenda na kurudi. Ndani ya korongo kuta hukaribiana, mwamba umelainishwa na maji, na katika baadhi ya sehemu maji ya moto huchuruzika ukutani, kwa maana eneo hilo ndilo lenye jotoardhi ya Olkaria, yaani joto linalotoka chini ya ardhi. Kwa kijana wa Mwanza kuteremka humo si kazi ngumu. Hatari yake ni mafuriko ya ghafla. Mwaka 2012, na tena Septemba 2019, watu waliokuwa wakitembea humo walisombwa na maji wakafa, na baada ya ajali ya 2019 korongo lilifungwa. Ndiyo sababu hatua ya kwanza kwa Ol Njorowa ni kuwasiliana na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kuuliza kama linaruhusiwa siku hiyo.

Anayetaka kuelewa mafuriko hayo bila kusafiri asimame kwenye daraja la Mto Mirongo mvua kubwa inapokuwa imenyesha vilimani, aone maji ya rangi ya udongo yakija na chupa na matawi. Mirongo una mahali pa kufurikia, lakini katika korongo jembamba maji hayana pa kwenda isipokuwa juu. Wingu lililo mbali, upande yanakotoka maji, lina uzito kuliko jua lililo juu ya kichwa chako.

Jipime hapa nyumbani kabla ya kulipa nauli. Chagua mpando wa mawe, beba lita tatu za maji, loweka raba na soksi kwenye ndoo, kisha panda na kushuka kwa saa moja na nusu katika jua la saa saba mchana. Usijizoeze kwa kuingia ziwani, kwani kichocho kipo. Ukimaliza, vua viatu uangalie visigino. Malengelenge yakiwa yameanza, badilisha viatu.

Kwa mizani yangu, Engare Sero linachosha zaidi na Ol Njorowa ni la hatari zaidi. Kwa familia inayoingia korongoni kwa mara ya kwanza, ningechagua Engare Sero wakati wa kiangazi, pamoja na mwongozaji wa Kimaasai wa hapo, mkianza kutembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji ya mto yakigeuka kuwa na tope huku kwenu hakujanyesha, pandeni kando mara moja, hata kama maporomoko yanasikika mbele.